Je, wajua kwa nini msitu haukuimeza Angkor Wat?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Angkor Wat, hekalu kubwa la mawe nchini Kamboja, lilikuwa limesahauliwa na watu wote hadi Mfaransa Henri Mouhot alipolivumbua mwituni mwaka 1860. Si kweli, na kosa hilo ndilo linaloficha jibu la swali letu.

Mouhot alikuta watawa wa Kibuddha wakiishi palepale. Mreno António da Madalena alikwisha kufika mwaka 1586. Mwaka 1632 alikuja Mjapani Ukondayu Kazufusa, akatoa sanamu nne za Buddha na kuandika habari za safari yake kwa wino kwenye nguzo. Hata kabla ya hao, kati ya 1546 na 1564, mafundi walichonga kuta ambazo wajenzi wa kwanza waliziacha tupu karne nne nyuma. Nchi wakati huo ilikuwa ya Wabuddha, lakini walichochonga ni visa vya Vishnu, mungu wa Wahindu!

Hekalu lilijengwa kwa ajili ya Vishnu huyo, na mfalme Suryavarman II, katika karne ya 12. Ubuddha uliposhika nchi, waumini wake hawakulibomoa. Walihamia ndani. Milango ya chumba kitakatifu cha mnara wa kati ilizibwa kwa mawe, na juu yake akachongwa Buddha amesimama. Langoni upande wa magharibi ipo sanamu ya Vishnu yenye mikono minane. Wenyeji huiita Ta Reach, na hadi leo huichomea ubani na kuivika kitambaa cha rangi ya watawa.

Sasa, ubani unaokoaje ukuta? Adui wa mawe katika nchi ya mvua ni mbegu. Ndege anakula tunda la mtini, anadondosha mbegu kwenye ufa. Mche wake mwaka wa kwanza unang'oka kwa vidole viwili. Ukiachwa, mzizi unafanya kazi ya kabari kwenye gogo: unaingia mwembamba, unanenepa ndani, na jiwe linasogea unywele mmoja baada ya mwingine. Miaka mia ikipita, mzizi ule uliopasua ukuta ndio unaoushikilia, kama mshipi uliokaza mzigo. Ukiukata, kila kitu kinamwagika. Mahali panapofagiliwa kila siku, mche haufiki huko.

Tazama hekalu la Ta Prohm, mwendo mfupi kutoka hapo. Hilo lilijengwa mwaka 1186 kwa ajili ya Ubuddha tangu msingi, ila watu waliliacha, na leo miti imekalia mapaa yake. Hekalu la Vishnu lilisalimika kwa mikono ya Wabuddha. La Wabuddha lilikosa mikono.

Ufagio haukufanya yote, lakini. Handaki la maji lenye upana wa karibu mita 190 linalizunguka hekalu pande zote na kuuzuia msitu kusogea, na bado sehemu kadhaa zilihitaji kujengwa upya katika karne ya 20. Ndani ya uzio wake zipo nyumba mbili za watawa hadi leo, na asubuhi ukifika mapema utawakuta.