Je, wajua jinsi kijiko cha fedha cha Uholanzi kinavyotaja umri wake na fundi wake?

Ukishika kijiko cha kale cha Kiholanzi, achana kwanza na nakshi. Kigeuze. Nyuma ya mpini kuna vialama vidogo kuliko punje ya mchele, vilivyogongwa kwa chuma, na bila kioo cha kukuzia utaona vikwaruzo tu. Kila kialama kina swali lake kinalolijibu. Wanaokosea umri wa kijiko huwa wamesoma kimoja wakaacha vingine.

Simba ndiye huvuta macho. Kuanzia 1814, baada ya Wafaransa kuondoka na sheria mpya kuanza kazi, hadi 1953, simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma pamoja na tarakimu 1 alimaanisha sehemu 934 za fedha kati ya 1,000. Simba anayetembea, mwenye tarakimu 2, alimaanisha sehemu 833. Baadaye viwango vikawa 925 na 835. Muuzaji atakuonyesha simba kwa mbwembwe, lakini simba ni shahidi wa ubora wa madini tu. Fundi hamjui, na mwaka hautaji.

Pembeni yake tafuta kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, amevaa kofia ya vita. Ndani ya kofia kuna herufi ndogo inayotaja ofisi iliyopima fedha hiyo: A ni Amsterdam, B ni Utrecht, C ni Den Haag, D ni Rotterdam. Usiichanganye na herufi nyingine inayosimama peke yake, kwani hiyo ndiyo ya mwaka. Kuanzia 1835 alfabeti yake ilizunguka kila miaka 25, hivyo A ilitumika 1835, ikarudi 1860, 1885 na 1910. Kinachotofautisha mizunguko ni mwandiko wa herufi na umbo la fremu yake, na hapo mgeni hubabaika, hasa mhuri ukiwa umesuguliwa na miaka mingi ya kung'arishwa.

Anayekutoa kwenye mkwamo huo ni fundi mwenyewe. Mhuri wake huwa na herufi za kwanza za jina, mara nyingi pamoja na picha ndogo au namba, na ulisajiliwa serikalini. Daftari la usajili linaonyesha alianza lini kuutumia na aliuacha lini. Kama sonara alifunga karakana kabla ya 1880, basi A yake haiwezi kuwa ya 1885 wala 1910. Kati ya hizo nne, zimebaki mbili za kuchagua. Lakini herufi peke yake hazitoshi. Masonara wengi waliandika herufi zilezile, na kilichowatenganisha ni nyota, taji au umbo la fremu. Chora mhuri mzima kama ulivyo, mpaka kingo zake.

Vijiko vidogo vya chai vina shida yake: vingi vilipigwa upanga mdogo tu na mhuri wa fundi, bila mwaka. Hapo miaka ya kazi ya fundi ndiyo tegemeo lako.

Kabla ya 1798, vyama vya masonara vilipovunjwa, kila mji ulijitegemea. Amsterdam ilipiga misalaba mitatu chini ya taji, Den Haag ndege korongo, Leiden funguo mbili zilizopishana. Kila mji ulikuwa na alfabeti yake ya miaka, kwa hiyo anza na mji, ndipo uulize herufi. Umbo nalo linasaidia: kijiko cha karne ya 17 kina bakuli pana lenye umbo la tini, na cha karne ya 18 kinaelekea umbo la yai. Na kwa kuwa mezani vilikuwa vikilazwa kifudifudi, majina ya wenyewe yalichongwa mgongoni.

Mitego ipo. Waholanzi walikuwa na vijiko vya kumbukumbu vya kuzaliwa, ndoa na kifo, na tarehe iliyochongwa humo ni ya tukio. Kijiko chenyewe huenda kilikuwa cha zamani zaidi. Ukiona kialama cha shoka, kitu hicho kilikuwa tayari cha kale kiliporudi sokoni, kati ya katikati ya karne ya 19 na 1927. Mihuri ya kuigiza nayo ilikuwepo: mafundi wa Hanau, Ujerumani, walitengeneza fedha za mtindo wa kale mwishoni mwa karne ya 19 na kuzipiga alama zinazofanana na za miji ya zamani. Kijiko chenye kinu cha upepo au merikebu juu ya mpini ndicho ningekitilia shaka kwanza.

Na ukikuta 90 au 100 bila simba wala upanga, usidhani ni kiwango cha ubora. Hiyo ni gramu za fedha zilizopakwa juu ya vijiko kumi na viwili na uma kumi na mbili kwa pamoja. Ndani ni metali nyingine.