Boksi la stelingi la Land Cruiser ya kulala: kwanza tafuta katikati

Mzee aliingia gereji yangu hapa Arusha akitokea Namanga, mikono ikienda huku na huku juu ya usukani kama mama anayechekecha unga. Barabara ile ni lami. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha mtu aliyekaa Songea miaka mingi kabla ya kurudi kwao Ujerumani, na kabla hajazima injini akasema, "Fundi, boksi limelegea. Likaze kidogo tuendelee na safari."

Gari ni Land Cruiser HJ75 ya 1986, hadtopu ile ndefu tunayoiita mkonga, injini 2H ya dizeli, silinda sita, lita nne, haina turbo wala haraka. Paa limekatwa likafanywa la kunyanyuka, juu kitanda, nyuma jiko la gesi, friji na tenki la maji. Nyumba kamili. Usukani uko kushoto, na hilo lilikuja kutusumbua baadaye.

Nikalala chini. Skrubu iliyo juu ya boksi ilikuwa na mikwaruzo mipya, na nati yake ya kufungia inang'aa wakati kila kitu jirani kimevaa vumbi na grisi ya miaka.

"Mzee, hili limeshakazwa."

"Mara mbili," mkewe akajibu kutoka kiti cha pili.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu skrubu hii imeua maboksi mengi kuliko barabara mbovu. Ndani ya boksi la aina hii kuna shafti yenye uzi mpana kama skrubu kubwa. Juu yake inatembea nati ndefu ya chuma, ila nyuzi za hizo mbili hazigusani: kati yake zinabingirika golori za chuma, zikifika mwisho wa nati zinarudishwa mwanzo kupitia kijibomba. Kwenye boksi lenye pawa, nati hiyo hiyo ndiyo pistoni, oili ya pampu inaisukuma upande unaoutaka. Ubavuni ina meno, yanasukuma meno ya shafti ya pili inayotoka nje ya boksi, na kwenye ncha ya shafti hiyo unakaa mkono wa pitimani. Pitimani inavuta dragilinki, fimbo ya chuma, na dragilinki inavuta gurudumu.

Sasa, meno hayo hayakukatwa yabanane sawasawa kila mahali. Magurudumu yakiwa yamenyooka, yanabanana kabisa. Ukikata kona, yanaachiana nafasi ndogo. Ni makusudi. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa unataka usukani usicheze ukiwa umenyooka, na kwenye kona unataka urudi wenyewe. Lakini gari linatumia sehemu kubwa ya maisha yake likienda mbele moja kwa moja, kwa hiyo katikati ndipo panapolika. Ukiona usukani unacheza ukaikaza skrubu ile ya juu, unasogeza shafti ya pili yote, meno yabanane zaidi kila mahali. Katikati patatulia kwa muda, sawa, lakini pembeni ambako meno hayajalika yataanza kubana. Dereva anatoka kwenye kona, anaachia usukani, nao unabaki palepale ulipo. Ukifika hapo, skrubu imemaliza kazi yake.

Hata hivyo sikumwambia mzee kwamba boksi ndilo lenye kosa. Gari zito la miaka 40 lina sababu kumi za kuyumba. Nikamwita dogo wa gereji akae kwenye usukani, injini inaunguruma, magurudumu yako chini, autikise kidogo tu kushoto na kulia. Mimi chini, kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu. Macho yanadanganya, kiganja hakidanganyi: tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, ikifa inagonga kama mshipa. Tukapima jointi za shafti ya usukani, dragilinki, tairodi zote. Kisha jeki, tukatikisa magurudumu kusikia beringi za habu na za kingipini, yaani pale gurudumu linapogeukia. Kisha bushi za springi. Bushi zikiisha, ekseli yenyewe inahamahama chini ya gari, na hakuna boksi jipya litakaloponya hilo. Za mbele zilikuwa zimechoka, tukaziandika kwenye orodha. Lakini jibu lilikuwa wazi: shafti inayoingia kwenye boksi ilikuwa inazunguka, pitimani imetulia kimya, halafu inashtuka kwa kuchelewa.

Shokapu ya stelingi, ile inayotuliza mtikisiko wa usukani, ilikuwa mpya kabisa. Mtu alimuuzia mzee dawa ya kutuliza maumivu.

Kulipata boksi jingine ndiko kulikokula siku. Land Cruiser zimejaa mji huu, utadhani boksi linaokotwa. Lakini zetu ni za usukani wa kulia. Boksi la kulia na la kushoto ni kama viatu: moja ni kivuli cha jingine kwenye kioo. Sehemu ya bolti, upande inapotokea pitimani, na uzi wa ndani, vyote vimegeuka. Muuzaji mmoja alinishauri nichomelee bamba kwenye chasisi nilifunge hivyohivyo. Ndugu zangu, usukani si kabati. Uzi ukiwa wa upande mwingine, unaweza kukata kulia gari likaenda kushoto.

Wanaoendesha upande wa kulia wa barabara, na kukaa kushoto ndani ya gari, ni majirani zetu waliotawaliwa na Mbelgiji: Rwanda, Burundi, Kongo. Huko boksi la kushoto ndilo la kawaida. Nikampigia fundi mwenzangu wa Kigali, nikamtumia picha za boksi letu kila upande, kipimo cha bolti hadi bolti, hesabu ya meno ya shafti ya juu na unene wa mipira ya oili. Namba ya chasisi peke yake haitoshi kwa gari la umri huu, huwezi kujua limeshabadilishwa nini. Siku ya tano boksi likavuka Rusumo kwenye buti la basi, limefungwa kwenye gunia la mkaa.

Kabla ya kufungua chochote, nyoosha magurudumu na ufunge usukani usizunguke. Piga alama ya rangi pale shafti inapoungana na boksi, na nyingine kati ya pitimani na shafti yake. Mwaga oili. Pitimani inatoka kwa pula, kile kifaa cha kuvutia, na kwa pula tu. Imekaa kwenye meno yenye mteremko na imebanwa kwa miaka. Kaza pula, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, nenda kanywe chai. Ukianza kupiga nyundo kwenye ncha ya shafti, kipigo kinaingia ndani moja kwa moja. Kama boksi hilo bado ulitaka, umeliharibu.

Likishatoka, usikimbilie kufunga jipya. Chukua brashi ya waya na tochi, safisha chasisi pale lilipokuwa, tafuta nyufa kuzunguka matundu ya bolti. Kwa mzee hapakuwa na ufa, lakini bolti moja ilikuwa imelegea kiasi cha kuacha mng'ao kwenye chuma. Maana yake boksi lenyewe lilikuwa linatembea kidogo kila anapokata. Bolti zote tulibadili, za ugumu uleule.

Ndipo tunafika kwenye katikati. Zungusha shafti ya boksi jipya taratibu kwa mkono hadi mwisho wa upande mmoja, usilazimishe. Rudi hadi mwisho wa pili ukihesabu mizunguko. Gawa kwa mbili, rudi hapo, weka alama. Hapo ndipo meno yanapobanana, na hapo ndipo boksi linapotakiwa kuwa wakati gari linakwenda moja kwa moja.

Funga boksi likiwa katikati, ingiza pitimani ikielekea ilikotakiwa. Dragilinki ikigoma kufika kwenye gurudumu lililonyooka, rekebisha urefu wa dragilinki. Usukani wa dereva unakuja mwisho kabisa. Mafundi wengi wanafanya kinyume: wanafunga kila kitu, wanaendesha, wanakuta usukani umekaa upande, wanauchomoa na kuugeuza uonekane umenyooka. Dereva anafurahi. Boksi sasa linakwenda safari nzima likiwa pembeni ya katikati yake, pale palipoachiwa nafasi, na usukani unacheza siku ya kwanza. Kisha mtu anakaza skrubu.

Angalia pia zile bolti za kuzuia kona kwenye ekseli. Ukikata hadi mwisho, ndizo zigonge kwanza, boksi bado lina nafasi kidogo. Vinginevyo kila ukigeuza gari sehemu finyu, boksi linajipiga lenyewe kwa nguvu zote za pampu.

Kabla ya kuunganisha mipira, osha mfumo. Boksi lililokufa limesaga chuma, na chuma hicho kiko kwenye oili. Tulisafisha kopo la oili na chujio lake, tukaisukuma oili ya zamani itoke kwenye mpira wa kurudi. Ilitoka ya kijivu, inametameta kama rangi ya pikipiki. Gari hili linatumia oili nyekundu ya giaboksi otomatiki, Dexron.

Hewa utaitoa injini ikiwa imezimwa: nyanyua magurudumu ya mbele, zungusha usukani mwisho hadi mwisho polepole, huku mwenzako anaongeza oili kopo lisikauke. Kama mara ishirini hivi. Ukiwasha injini mapema pampu inachanganya oili na hewa, inakuwa povu, na povu halisukumi kitu. Ikishakuwa safi, washa, rudia, sikiliza. Na usiushikilie usukani umekatwa hadi mwisho kwa muda mrefu, pampu inachemka.

Mzee akaenda na dogo kujaribu gari hadi Monduli na kurudi. Nilimwambia arudi baada ya wiki, awe anakwenda Natron au popote, nikaze tena nati ya pitimani na bolti za chasisi. Alirudi, na vumbi lote la Engaruka juu yake. Nati ilikubali kama robo ya mzunguko, bolti hazikutikisika. Lile boksi la zamani nilikuwa nimeshalifungua. Golori zimetoboka vijitundu, na meno ya katikati yamelika, ya pembeni bado yana alama za kiwandani.