Kukata kinyama hakusambazi kansa

"Uvimbe usiuchokoze, ukitiwa kisu tu kansa inatapakaa." Maneno haya utayasikia Zanzibar nzima, Makunduchi mpaka Micheweni, na hakuna dhana inayotuumiza kuliko hii, maana inamnyima mgonjwa kipimo cha kukata kinyama (bayopsi), ambacho bila yake tiba haipangiki.

Kansa hutapakaa yenyewe kupitia damu na mishipa ya limfu, iguswe isiguswe. Mtu akikaa na uvimbe wa ziwa mwaka mzima, akapasuliwa, akafariki miezi mitatu baadaye, mara nyingi ugonjwa ulishafika kwenye ini au mapafu kabla ya kisu. Lawama hubaki kwa kisu.

Kipimo chenyewe ni hivi. Daktari hupiga ganzi, huingiza sindano nene na kutoa vipande kadhaa vyembamba kama njiti za kiberiti. Hutiwa papo hapo kwenye chupa ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, nyingi, angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Mambo huharibika hapa: kinyama kikiwekwa kwenye maji ya chumvi, au kikafungwa kitambaa kikavu kusubiri boti, seli huoza, maabara haisomi kitu, na mgonjwa huchomwa upya. Jina na upande wa ziwa viandikwe ubavuni mwa chupa. Kifuniko hubadilishwa kwa urahisi.

Majibu yataje aina ya kansa, daraja la ukali wake (1 hadi 3), vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) na HER2, protini inayochochea seli kukua. Mwenye vipokezi vya homoni huweza kupewa tamoksifeni, dawa inayozuia homoni, kwa kawaida miligramu 20 kwa siku, miaka 5 au zaidi. Asiye navyo haimfai. Hatua, 1 hadi 4, ni jambo jingine: huangaliwa ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, na kama ugonjwa umefika mbali. Wapo wanaosoma "daraja la 3" wakadhani ni hatua ya 3, wakakata tamaa bure.

"Hauumi, basi si kansa." Uvimbe mwingi wa kansa ya ziwa hauumi mwanzoni. Ukiwa mgumu, ngozi imebonyea, au chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nenda ukapimwe.

"Ni husda." Kansa huanza pale vinasaba vya seli vinapoharibika, ikawa inagawanyika bila breki. Dua na kombe havigombani na hospitali. Kinachodhuru ni kubandika majani mpaka ngozi ichimbike huku miezi inapita.

"Inaambukiza." Kuleni sinia moja bila hofu. Kinachoambukiza ni kirusi cha HPV, chanzo cha karibu kansa zote za shingo ya kizazi, na ndiyo sababu Tanzania ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2018.

"Aliyepigwa mionzi asisogelewe na watoto." Mionzi ya mashine, kama inayotolewa hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, haibaki mwilini. Mama anaweza kumpakata mwanawe jioni ile ile.

"Dripu za kansa ndizo zinazoua." Hatari ipo, ila inazuilika. Dawa hizo hushusha seli nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14, na maambukizi hupata mwanya. Kaa na kipimajoto nyumbani. Ikifika nyuzi 38, nenda hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane. Usimeze dawa ya homa ukangoja asubuhi. Ukifika mlangoni tu, sema unatumia dripu za kansa na ya mwisho uliwekewa lini.