Betri mpya, starta mpya, na gari bado limegoma: anza na athi, njia ya umeme kurudi betri

Mzee mmoja wa Molo alinipigia simu asubuhi, sauti ya mtu ambaye hakulala vizuri. Land Rover 110 yake ya dizeli, iliyobeba viazi na mitungi ya maziwa tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, ilikuwa imegoma.

"Fundi, hii gari imerogwa. Nimenunua betri mpya. Nikaambiwa ni starta, nikanunua starta. Bado."

"Ukigeuza ufunguo unasikia nini, mzee?"

"Tik-tik-tik. Kama mtu anagonga kucha kwa meza."

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Nakuru, na simu za namna hii nazipata karibu kila wiki ya mvua. Magari ni yale yale: Land Rover na Land Cruiser za miaka ya themanini na tisini kutoka mashamba ya Mau Narok na Subukia, na za kubeba watalii kutoka ziwani. Na hadithi ni ile ile: mwenye gari amenunua vipuri viwili vitatu kabla mtu yeyote hajashika mita ya kupimia umeme.

Kabla sijafunga safari nilimwomba kitu kimoja. Awashe taa kubwa, kijana wake asimame mbele ya gari, kisha apige starta. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote. Taa zikizimika kabisa, shuku betri yenyewe au terminali zake. Zikififia polepole huku starta ikijikokota, betri imechoka, au injini ni nzito kwa baridi. Zikibaki zinang'aa ilhali starta haizunguki, umeme upo lakini haufiki kazini, na hapo betri mpya haitakusaidia hata ukinunua tano. Kijana akapaza sauti, nikamsikia kwenye simu: "Zinapepesa kidogo tu!"

Nikapakia jampa, zile waya nene za kuazimia umeme.

Nilikuta gari limeegeshwa kwenye mteremko nyuma ya zizi, jiwe la ukubwa wa kichwa cha ndama chini ya tairi. Mzee alikuwa analiwasha kwa kuliachia litelemke. Dizeli ya kizamani inakubali mchezo huo: pampu yake haidai umeme mwingi, ila ule kidogo wa kufungulia mafuta. Ndiyo maana wiki tatu zilipita kabla hajaita fundi.

Betri ya 110 iko chini ya kiti cha mbele. Nikaweka mita: volti 12.6, yaani imejaa. (Ukipata 12.2 iko nusu. Chini ya 12 usiendelee kupima chochote, ichaji kwanza.) Hapa ndipo mafundi wengi huridhika, wakasema betri nzima, waya mzima, basi ni starta. Lakini kipimo hicho kimechukuliwa gari likiwa limepumzika, na waya uliopumzika hudanganya. Unaweza kuwa umeoza wote, umebaki na nyuzi mbili za shaba, na mita bado ikakuonyesha 12.6 kamili.

Sababu ni hesabu ndogo. Taa ya ndani ya gari hula chini ya ampia moja. Starta ya dizeli ya lita 2.5 inaweza kuvuta ampia 300 inapoanza kuzungusha injini. Sasa chukua kiungo kimoja kilichoshika kutu, chenye ukinzani (kizuizi kwa umeme) wa sehemu moja ya mia ya omu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma. Kwa ile taa, kiungo hicho kinakula volti ambazo huwezi kuzigundua. Kwa ampia 300 kinameza volti 3. Ukinzani ukipanda mara kumi, starta haibakiwi na kitu. Kwa hiyo kupima omu kwenye waya mnene wa starta ni kupoteza muda. Pima volti zinazopotea njiani wakati ufunguo umegeuzwa, mzigo ukiwa mgongoni.

Nikamweka mzee kwenye usukani, gia huru, breki ya mkono juu, na jiwe nikalirudisha mahali pake. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye boliti kubwa ya starta. "Piga!" Volti 0.1. Upande wa chanya safi kabisa. Ungefika nusu volti ningeanza kuuangalia kwa jicho baya. Nikahamia upande wa pili: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mahali nilipokwangua mpaka pakang'aa. "Piga tena!" Namba zikarukaruka pamoja na ile tik-tik-tik, lakini kila ziliporuka zilipita 8. Zilipaswa zisifike hata 0.3.

Mzee akauliza nimeona nini. Nikamwambia aguse kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye pampu. Akaigusa, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa na joto.

Hapo hapahitaji mganga. Umeme wa starta unatoka chanya, unapita ndani ya starta, unaingia kwenye mwili wa injini, kisha lazima urudi betri. Njia hiyo ya kurudi ndiyo sisi mafundi tunaiita athi (siyo mto). Injini na gia boksi vimekaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme, kwa hiyo huwekwa ukanda wa nyaya za shaba zilizosukwa kuviunganisha na chasisi. Ukanda ukifa, umeme hautulii. Unatafuta uchochoro wowote wa chuma: kebo ya mafuta, kebo ya spidi. Vinyuzi hivyo havikuumbwa kwa kazi hiyo. Nimeshaona kebo ya mafuta iliyoungua plastiki yake yote kwa sababu mtu aliendelea kupiga starta nusu saa.

Ili nisibishane na mtu nilichukua jampa, nikabana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine moja kwa moja kwenye chuma kinene cha injini. "Mzee, piga." Injini ikanguruma kabla hajamaliza kugeuza ufunguo. Kama una gari la kizamani na jampa moja, jaribio hili ni la dakika mbili, na lifanye kabla hujatoa starta ya watu.

Chini ya gari niliukuta ukanda wenyewe kati ya gia boksi na chasisi, umefunikwa na matope na oili. Nilipousafisha ulikuwa wa kijani, na nilipouvuta kidogo ukabaki mkononi. Ubaya haukuishia hapo. Wakati fulani chasisi ilipakwa rangi nyeusi, vizuri sana, halafu mtu akafunga kichwa cha ukanda juu ya rangi. Boliti yenyewe ndiyo iliyokuwa inapitisha umeme wote, kupitia meno yake. Nikakwangua rangi mpaka chuma cheupe, nikaweka ukanda mpya mnene, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu, siyo chini. Grisi kwanza halafu chuma ni kosa la kila siku.

Land Rover hizi zina balaa lao la ziada: bodi ni ya alumini, chasisi ni ya chuma. Metali mbili tofauti zikikutana na maji, alumini ndiyo inayoliwa, inaacha unga mweupe. Kila taa ya nyuma iliyopata athi yake kwenye bodi siku moja itakuletea vituko, kama ile ya kuweka indiketa halafu taa ya breki ikapepesa nayo. Magari yanayoshinda Ziwa Nakuru yana mkosi mwingine. Vumbi la ufukweni lina magadi, na likilowa hugeuka uji unaotafuna shaba. Tangu ziwa lilipopanda na kumeza barabara za zamani, yapo yanayorudi gereji na tope hilo hadi ndani ya soketi za nyaya. Nayaosha kwa maji safi kabla sijafungua chochote.

Sasa, siyo kila tik ni athi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2, ina ugonjwa wake. Inatoa tik moja nzito, kisha kimya. Unageuza tena, tik. Mara ya nane inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, na dereva anasahau mpaka wiki ijayo. Ndani ya solenoidi ya starta, yaani swichi yake ya sumaku, kuna vipande viwili vya shaba na sahani inayovigonga ili kupitisha umeme mkubwa. Kila ukiwasha, cheche hula shaba kidogo, na kipande cha upande wa betri huisha kwanza. Mwishowe sahani inafika lakini haigusi. Pima kati ya zile boliti mbili kubwa za solenoidi, ufunguo ukiwa umeshikiliwa. Ikiwa inalia tik na mita bado inaonyesha karibu 12, shaba zimekwisha. Vipande vyenyewe vinauzwa peke yake, kwa bei isiyofika hata robo ya starta. Wale wanaoigonga starta kwa spana wanapata nafuu ya siku mbili. Sahani inahama kidogo tu, ugonjwa haujatibiwa.

Na kabla hujaweka jampa kwenye Land Cruiser yenye betri mbili, fuata waya kwa macho. Nyingine ni za volti 12, betri zimepangwa sambamba. Nyingine, hasa zilizotoka Japani kama zilivyo, ni za volti 24, betri zimefuatana. Ukikosea hapo utaunguza kitu.

Je, starta ikizunguka kwa nguvu na injini isishike? Hilo ni shauri lingine, na kwa dizeli za enzi hiyo naanza kwenye pampu. Juu yake kuna solenoidi ndogo ya kuzuia mafuta, yenye waya mmoja ulioshikwa na nati ndogo. Washa swichi bila kupiga starta, chomoa waya huo, urudishe. Usikie "tak" ndogo. Usiposikia, pima kama volti zinafika. Zikifika na haigongi, solenoidi imekufa. Zisipofika, rudi nyuma ukifuata waya. Kwenye Land Rover rangi zitakuongoza: kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni wa swichi, nyeupe yenye mstari mwekundu ndiyo inayoamuru starta, nyeusi ni athi. Ni hivyo mpaka ufike mahali ambapo fundi fulani alitumia waya wowote aliokuwa nao mfukoni.

Mahali hapo huwa chini ya dashibodi. Mara nyingi ninapofuata waya uliokata, nakutana na alamu ya zamani au kifaa cha kufuatilia gari, kilichofungwa enzi za mkopo na kusahaulika. Ndani yake kuna rilei ya kukata umeme, na viungo vimesokotwa kwa vidole na kufungwa seloteipu nyeusi. Gundi ikiyeyuka kwa joto, seloteipu inafunguka, kiungo kinalegea, na gari linazimika kwenye tuta. Sina ugomvi na alamu. Nina ugomvi na seloteipu.

Unaweza kuipa solenoidi ya pampu umeme wa moja kwa moja kutoka betri ili ufike nyumbani, lakini jua kwamba ufunguo hautazima injini tena. Weka fyuzi kwenye waya huo, na ukumbuke ulipouficha. Vua pete na saa pia. Pete ya dhahabu kati ya spana na chuma chenye umeme hugeuka moto kabla hujapiga kelele.

Tulipomaliza Molo nilimwambia mzee azime na kuwasha mara tano. Kila mara starta ilizunguka kama ya gari jipya. Nikapima tena kati ya hasi na injini: 0.15. Nikaweka mita kwenye betri injini ikiwa inanguruma: 14.1, altaneta, ile inayochaji betri, iko sawa. Kisha nikapima starta yake ya zamani, iliyokuwa imetupwa stoo kwenye gunia, kwa kuibana na jampa sakafuni. Ilirusha vumbi hadi mlangoni. Nzima kabisa. Mzee aliitazama kwa muda bila kusema neno.

Halafu akaenda nyuma ya gari, akaliokota lile jiwe, akalisukuma chini ya kiti.

"Hili silifuti kazi leo," akasema.