Sonona ya majira ya baridi: mwili unapokosa mwanga wa asubuhi

Sisi tunaozungumza Kiswahili huhesabu saa kwa jua. Saa kumi na mbili alfajiri kunapambazuka, saa kumi na mbili jioni kunakuchwa, na kati ya hapo Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura hupata takribani saa 12 za mchana mwaka mzima. Ndugu zetu waliohamia Helsinki hukuta hesabu hiyo imevurugika: ifikapo tarehe 21 Desemba, jua huchomoza mnamo saa tatu na dakika 24 asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa na nusu alasiri, na hata saa hizo chache mara nyingi hufunikwa na mawingu. Kipupwe cha nyumbani hakimwandai mtu kwa hali hiyo, kwa kuwa kipupwe huleta baridi bila kuondoa mchana.

Mwaka 1984, Norman Rosenthal na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walieleza kitabibu aina ya sonona inayoanza siku zinapofupika na kuondoka majira ya kuchipua yanapofika. Dalili zake huwapotosha wengi. Sonona nyingine aghalabu humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, ilhali hii mara nyingi huzidisha vyote viwili: mgonjwa hulala kwa muda wa saa 10 na bado akaamka kama aliyetwanga mahindi usiku kucha, hutamani mkate, wali na vitu vitamu, na huhisi mikono na miguu mizito. Simu huita mezani, anaiona, lakini hana nguvu ya kuipokea. Waliobaki nyumbani husema ameanza majivuno, na waumini wenzake husema amepoa kiimani. Naomba tuache kabisa kusema hivyo, kwa sababu huu ni ugonjwa, wala hauhusiani na uvivu au udhaifu wa imani. Anayetaka kuombewa aombewe, na matibabu yaendelee.

Mwanga unaoingia machoni asubuhi ndio unaorekebisha saa iliyomo ndani ya ubongo. Asubuhi inapokuwa giza, saa hiyo huchelewa, na melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usiku, huweza kuendelea kufanya kazi wakati mtu tayari yuko kwenye basi akienda kazini. Taa za sebuleni hazitoshi kuziba pengo hilo, kwani kwa kawaida hutoa luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) mia chache tu, ilhali taa ya tiba ya mwanga hutoa luksi 10,000.

Taa hiyo huwekwa mezani kando ya kikombe cha chai, kwa umbali ulioelekezwa na mtengenezaji, na mtu hukaa mbele yake takribani dakika 30 mara baada ya kuamka, macho yakiwa wazi bila kuikodolea. Iwe imetengenezwa kuchuja mionzi ya urujuanimno. Ikitumiwa jioni huharibu usingizi. Ni vyema kuianza mapema katika majira ya vuli, kabla mwili haujalemewa, na kutoiacha kwa sababu siku tatu zimekuwa nzuri. Mwenye ugonjwa wa macho, anayetumia dawa zinazoongeza wepesi wa kudhurika na mwanga, au aliyewahi kuwa na vipindi vya msisimko uliopita kiasi, amwone daktari kwanza.

Matembezi ya adhuhuri pia yana thamani kubwa, kwa kuwa hata mchana wa mawingu nje una mwanga mwingi kuliko chumbani. Tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kubadili fikra na mwenendo husaidia, na dawa za sonona zipo kwa wanaozihitaji. Vitamini D ni suala la pekee: ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza, hivyo upungufu ni wa kawaida kwetu huko kaskazini na unafaa kupimwa, lakini vidonge vyake visichukuliwe kuwa mbadala wa tiba ya sonona.

Uzito huu ukikuzuia kwenda kazini au kuwahudumia watoto kwa wiki mbili mfululizo, nenda kituo cha afya usingoje Machi. Mawazo ya kutaka kufa yakikujia, omba msaada siku hiyohiyo: Finland piga 112, Marekani na Kanada piga 988. Nanyi mnaompigia ndugu simu kutoka nyumbani, mkisikia sauti imefifia, muulizeni kama leo ametoka nje mchana, kisha mpeni nafasi ya kujibu.