Kusaidiwa kufa: tunayoyachanganya Uganda

Mjadala wa kuhalalisha kusaidiwa kufa ukizuka, watu huweka kapu moja mambo matatu: kumuua mgonjwa kwa ombi lake, kumwondoa kwenye mashine zinazomweka hai na kumpa mofini, dawa kali ya maumivu. Mkanganyiko huo una madhara. Hizi hapa kauli zinazotokana nao, na majibu yangu.

"Akishapewa mofini, madaktari wamekata tamaa."
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ndugu wenye nia njema huificha chupa kabatini wakidhani wanamwokoa mtu wao, naye anakesha akilia. Mofini hutuliza maumivu. Ikianzwa kwa dozi ndogo na kuongezwa taratibu kulingana na maumivu, haiharakishi kifo. Wapo wanaoitumia kwa miezi mingi, na wapo wanaoiacha matibabu ya saratani yakishapunguza maumivu.

Hospice Africa Uganda, shirika la kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, lililoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, lilieneza mofini ya maji: unga unachanganywa na maji, mgonjwa anakunywa nyumbani kila baada ya saa nne. Kero yake kubwa ni kufunga choo, kwa hiyo hupewa pia dawa ya kulainisha. Penye uhaba, mbegu za papai zilizokaushwa na kupondwa zimesaidia wengi. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kumwandikia mgonjwa mofini, maana daktari hafiki kila kijiji. Serikali huitoa bure.

"Kukataa matibabu ni kujiua."
Mgonjwa mwenye akili timamu akisema kemotherapi basi, kinachomuua ni ugonjwa. Hata Kanisa Katoliki, linalopinga vikali kusaidiwa kufa, linakubali kuachana na matibabu mazito yasiyolingana na faida yake.

"Sheria yetu haisemi kitu."
Inasema. Ibara ya 22 ya Katiba ya 1995 inalinda uhai, na Sheria ya Kanuni za Adhabu inaweka hadi kifungo cha maisha kwa anayemsaidia mwingine kujiua.

"Kule wanakoruhusu, ukichoka tu unaenda."
Oregon, Marekani, ambako sheria ilianza kutumika mwaka 1997, mwombaji lazima awe mtu mzima, timamu, asiyetarajiwa kuishi zaidi ya miezi 6, athibitishwe na madaktari wawili, na anywe mwenyewe dawa ya kukatisha uhai. Uholanzi na Ubelgiji, tangu 2002, hazidai kwamba kifo kiwe karibu. Kwa hiyo anayehofia mipaka kulegea ana hoja.

"Wote wanaoomba wanakimbia maumivu."
Ripoti za Oregon zinaonyesha wengi hutaja kwanza kupoteza uhuru wa kujiamulia na kushindwa kufanya yaliyowapa raha; maumivu hutajwa na wachache zaidi. Mofini peke yake, basi, haimalizi mjadala. Lakini kwetu, mgonjwa ambaye kituo chake cha afya hakina hata chupa moja hajapata cha kuchagua, na mimi napinga mswada wowote wa kusaidiwa kufa utakaomfikia kabla ya dawa hiyo.