Simu nyekundu ambayo haikuwahi kulia

Barazani Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, mzee mmoja aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akainua kiganja hadi sikioni na kutuonyesha jinsi rais wa Marekani alivyokuwa akinyanyua simu nyekundu kumkemea mwenzake wa Moscow. Ni hadithi tamu, nami niliiamini kwa miaka mingi, lakini simu hiyo haikuwako.

Makubaliano ya Marekani na Umoja wa Kisovieti yaliyotiwa saini Geneva tarehe 20 Juni 1963 yalianzisha njia ya maandishi: mashine za jamii ya teleksi, yaani za kupigia chapa ujumbe na kuupeleka kwa waya, zilizoanza kazi tarehe 30 Agosti mwaka huohuo, waya wake ukipitia London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki. Kwa upande wa Marekani ziliwekwa Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi, wala si juu ya meza ya rais.

Sauti iliepukwa kwa makusudi. Katika mgogoro wa makombora ya Kuba, Oktoba 1962, ulioyakaribisha mataifa hayo mawili na vita vya nyuklia, barua moja ndefu ya Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, ilichukua karibu saa 12 kupokewa na kufasiriwa. Haraka ilihitajika, ila si haraka ya mdomo, ambapo neno likitamkwa kwa hasira, au likikosewa na mkalimani, halirudi. Kwa hiyo Moscow iliandika Kirusi, Washington Kiingereza, na kila upande ukajifasiria kwa utulivu. Hata vita vya Mashariki ya Kati vilipozuka Juni 1967, viongozi wa pande hizo mbili waliandikiana tu.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Na karatasi ikiwaishia je?”